Mlimao wa Yefim

Mlimao wa Taisia ulitokana na chai. Miaka kumi na tisa iliyopita mumewe Yefim, ambaye chai ilimpolea kila siku kwa kupiga domo, alikuta mbegu ya limau ndani ya glasi. Akaichota kwa kijiko, akaididimiza kwenye chungu cha maua dirishani.

"Unapanda nini wewe, na theluji nje imefika magotini?" Taisia alimcheka.

"Cheka tu. Siku moja tutakunywa chai kwa limau letu, na utaniomba kipande."

Hakuinywa. Mche ulikuwa umefika kiunoni moyo wake uliposimama kiwandani. Tangu hapo Taisia aliutunza kama mboni ya jicho. Aliupangusa vumbi jani kwa jani, akachora alama ya chaki kwenye ndoo alimouhamishia asije akaugeuza kwa bahati mbaya, maana mlimao wa ndani ukigeuzwa ghafla hununa na kupukutisha majani. Haukuzaa hata mara moja. Kila Jumapili alikata jani akalitia kwenye chai, na ile harufu ilimrudishia sauti ya Yefim akivuta kiti. Alimkumbuka mno, wala hakuona haya kusema.

Rimma, jirani wa mlango wa pili, aliomba kitawi mara ngapi sijui.

"Kimoja tu, shoga. Kama kidole."

"Nenda zako. Huu si mti, ni mume wangu."

"Basi mumeo anataka mbolea, amekonda."

Wakacheka, lakini kitawi hakupata.

Januari hii Taisia alipiga deki, akafungua kidirisha cha juu hewa ibadilike, kama tufanyavyo sote hata baridi iume vipi. Simu ikalia jikoni. Ni dada yake, na huyo haishiwi maneno. Aliporudi, baridi ilikuwa imeupiga mti, majani yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Alingoja wiki tatu, kisha akakwaruza ganda kwa kisu, juu mpaka chini. Hapakuwa na kijani popote. Akakaa sakafuni akalia kama alivyolia mazikoni.

Rimma alimsikia kupitia ukutani. Akaja, akautazama mti, akamshika mkono mpaka chumbani kwake, ambako Taisia hakuwahi kuingia. Dirishani ulisimama mlimao wenye limau moja, la manjano.

"Nilikuibia kitawi," Rimma alisema. "Miaka minane sasa. Siku yako ya kuzaliwa, ulipokwenda kuleta keki."

"Mwizi mkubwa we!" Taisia alifoka, huku pua yake imeshafika kwenye jani. Akalinusa. "Rimma, nipe kitawi. Nakuomba."

"Sikupi ng'o! Cha kupewa kinashika mizizi wapi? Mpaka kiibwe, hata mama yako alijua hivyo." Rimma akalichuma lile limau, akaacha mkasi dirishani. "Naenda kuchemsha chai. Sioni, sisikii."

Taisia aliingia jikoni mkono mmoja ukiwa mfukoni mwa aproni. Limau lilikuwa limeshakatwa vipande, na mezani palikuwa na glasi tatu. Akafungua mdomo.

"Thubutu kushukuru!" Rimma alimkatiza bila kugeuka. "Kitakukaukia humo humo mfukoni."

Taisia akaimeza shukrani yake. Akakaa, akaivuta glasi ya tatu karibu na yake, akaitilia kipande kinene zaidi.