Samli Katika Gobore la Baba

Siku ile nyani waliingia kwenye mahindi yetu mara mbili. Mara ya kwanza baba aliwapata, mara ya pili akakosa, akarudi nyumbani akinung'unika kwamba nyani wa siku hizi wamesoma. Alinikabidhi gobore lake la kushindilia nilisafishe, akaingia ndani kujifunika blanketi, maana homa ilikuwa imempanda tangu asubuhi.

Kusafisha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka yangu Safari, aliyenitangulia kwa miaka miwili, kazi yake ilikuwa baruti: aliitunza kwenye kibuyu na kuianika kila jua lilipotoka. Baba alitugawia hivyo ili tusigombane, na bado tuligombana. Nilimimina maji ya moto ndani ya mtutu, nikasugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka maji meusi yakatoka safi. Kisha mafuta. Kwetu ni milima ya juu ya Kivu Kusini, mvua hainyamazi na chuma kinashika kutu kabla hujageuka. Baba alikuwa akipaka samli kidogo tu, kwa unyoya wa kuku. Mimi siku ile niliimimina. Nilitaka akiamka aone kazi imefanyika.

Halafu nikashindilia mwenyewe: baruti, kitambaa, risasi. Fataki zilikuwa zimebaki nne, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyogongwa na nyundo na kutoa cheche. Baba alikuwa na tabia moja: akishasafisha, kabla ya kushindilia, alilipua fataki moja tupu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Niliona ni mzee anayejifurahisha. Kwa kuwa zilibaki nne, sikulipua, na moyoni nikajisifu kwamba mimi nina akili kuliko yeye.

Vita tulivisikia redioni na kwa wapita njia. Tulisema ni vya watu wa bondeni.

Walikuja alfajiri, ndani ya ukungu. Walikuwa saba.

Mama alitusukuma kupitia mlango wa nyuma, mimi na Safari, tukaingia kwenye mahindi. Baba alitoka kwa mbele na gobore.

Nilimwona kati ya mabua. Alilenga. Nyundo ikaanguka, fataki ikalia: tak.

Basi.

Akavuta nyundo tena, akaweka fataki nyingine. Tak.

Hawakumpa nafasi ya tatu.

Tulitembea na mama siku nne kushuka ziwani. Siku ya tatu, tumekaa kwenye mawe, mama alimgeukia Safari. "Baruti yako ilikuwa na maji," akamwambia. Alisema mara moja tu, na hakurudia tena maishani. Kulikuwa na mvua wiki ile na kibuyu kilikuwa kimesahauliwa nje siku moja, sote tulijua. Sikumtetea Safari, kwa sababu niliamini. Niliamini na nikamchukia. Tulipofika kambi ya wakimbizi hakukaa mwezi, akahamia kambi nyingine, na tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana kwenye misiba.

Marekani ilitupokea vipande vipande. Mama alipelekwa Columbus kwa mdogo wake, Safari Buffalo, mimi Louisville, mtaa wa Iroquois. Nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mwaka 2015 nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Shively, mji wa jirani, nitamwita Mzee Wallace, mgane aliyekuwa mbishi kama mbuzi. Nilimwogesha, nikampikia, nikasikiliza habari za ujana wake. Ujana wake wote ulikuwa kulenga shabaha za mbali kwa bunduki za zamani.

Siku moja ya vuli aliniambia anataka kupiga mara moja kabla hajafa. Jicho lake lilikuwa zima, lakini mikono ilitetemeka, hakuweza kupima baruti. Nilitaka kukataa. Kisha akafungua sanduku, nikauona mdeki, na mkono wangu ukaushika kabla sijasema neno.

"Umewahi?" akaniuliza.

"Zamani."

Nilimwendesha mpaka uwanjani, nje ya mji, ambako shabaha zimesimamishwa mbali hata ukiziangalia kwa macho ni vidoti. Alinifundisha kama mwalimu mkali. Nipitishe baruti kwenye bomba refu jembamba ili ilale vizuri. Risasi nene yenye mafuta niisukume mpaka iguse baruti, nisiigonge. Baada ya kila mlio nipitishe kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, kwa sababu uchafu kidogo tu unaipeleka risasi pembeni. Lakini kabla ya hayo yote, nilipokuwa nakaribia kumimina baruti ya kwanza, alinizuia.

"Fataki tupu kwanza. Elekeza mdomo wa bunduki kwenye majani."

Nikaelekeza. Tak. Majani mbele ya mtutu yakatikisika.

"Umeona? Njia iko wazi. Bunduki ilikuwa imelala na mafuta. Yakibaki kwenye kile kitundu chini ya fataki, fataki italia lakini moto hautafika. Baridi ikiyagandisha ndiyo kabisa."

"Hata kama baruti ni kavu?"

"Hata ikiwa kavu kabisa."

Alipiga mara tano siku ile, akafurahi mpaka akalia. Mimi nilishindilia mara tano na sikumbuki hata risasi moja ilitua wapi. Nilikuwa nasikia ile tak ya nyumbani, nikiuona ule unyoya wa kuku ambao sikuutumia.

Baada ya hapo sikutulia. Nilikuwa naosha sahani iliyooshwa. Kanisani nilisimama na wenzangu wa kwaya, mdomo unafunguka, sauti haitoki. Nilijiambia ni mambo ya zamani, baba hafufuki, nani atanufaika. Nilijua nani atanufaika. Niliogopa tu kutazamwa na mama jinsi alivyomtazama Safari siku ile kwenye mawe. Wiki nne nilizunguka hivyo, mwisho nikabadilishana zamu na mwenzangu nikaingia barabarani.

Columbus nilimkuta mama akichambua maharage. Nilimwambia habari ya samli nikiwa nimesimama, koti mwilini, maana ningekaa nisingesema. Mikono yake ikaacha kutembea.

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika, mama."

"Bon, haya," akasema. "Niletee koti yangu."

Tukaingia barabarani kuelekea kwa Safari. Kabla ya Buffalo theluji ikaanza, nikaendesha nimeng'ang'ania usukani. Safari alikuwa ndiyo kwanza ametoka kiwandani. Alimwona mama mlangoni akadhani kuna msiba.

Tulikaa jikoni kwake. Sikuwahi kuingia jikoni mle. Unga ulikuwa ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Chumvi ilikuwa kwenye chupa iliyokazwa, na chupa imefungwa plastiki mara tatu na mpira. Viberiti, karatasi za watoto wake, sukari, vyote hivyo hivyo. Niliona aibu.

"Yaya," nikamwita, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "baruti yako ilikuwa kavu."

Nikamweleza samli, kitundu, fataki ambayo sikulipua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc, kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Mi nilijaribuka ile baruti," akasema polepole. "Siku kibuyu kililala inje, nilichoma kidogo juu ya jiwe. Iliwaka. Niliona na macho yangu. Kisha mama akasema ile maneno, nikaanza kuwaza macho yangu ilinidanganya."

"Safari," mama akasema.

"Mama."

"Nilikusemea mubaya. Unisamehe."

Safari alinyanyuka akatoka nje bila koti. Dirishani tulimwona amesimama kwenye theluji, mikono kwapani. Nilitaka kumfuata, nikaona sina haki.

Nimepima mengi tangu siku ile. Gobore lingewaka, baba angempiga mmoja, na sita waliobaki huenda wangetufuata kwenye mahindi. Baba aliuawa na watu waliokuja kumwua, si na samli. Hilo nalijua, na linanisaidia siku nyingine. Lakini Safari hakuchukuliwa na wale saba. Safari tulimpoteza sisi, mimi na mama.

Alirudi ndani, theluji kichwani, hakututazama. Akaweka sufuria ya maharage kwenye jiko, akafungua ile chupa ya chumvi kwa meno na vidole, mpira, plastiki, mfuniko, akatia chumvi. Kisha akaiacha wazi pale pale, karibu na mvuke.

Nikanyoosha mkono niifunge. Mama akanishika mkono, chupa ikabaki wazi.