Aliyoambiwa Bibi wa Sitka

Mama na mdogo wangu wakianza kucheka, mie huacha kutafuna. Ijumaa nyumbani kwa mama, Bawshar, hapa Maskati, sinia ya wali katikati, wao wawili wameshika Kiswahili chao wanapokezana, mama anajifuta machozi kwa pembe ya mtandio. Halafu ananigeukia mie, anakaza uso kidogo, ananiuliza kwa Kiarabu kazi zinaendaje. Kiarabu cha mama si kibaya, lakini ni cha kazi: cha dukani, cha kwa daktari, cha kujibu simu za wizarani. Hilo ndilo fungu langu. Mdogo wangu anapewa mama, mie napewa taarifa ya habari.

Naona wivu, tena mkubwa, na nna miaka hamsini na kitu. Sioni kwa nini nisiseme.

Tulihamia Maskati kutoka Unguja mie bado nang'oka meno ya utoto. Siku za mwanzo za skuli watoto walinicheka kwa Kiswahili changu, wakaniita Zinjibari, nikarudi nyumbani nalia. Mama akakata shauri siku hiyo hiyo: kuanzia leo, baina yangu na yeye, Kiarabu tu. Kiarabu chenyewe alikuwa anakiokota kwa majirani, leo neno hili, kesho lile, lakini alishikilia. Mdogo wangu alizaliwa miaka mingi baadaye, huku huku Maskati, wakati hakuna tena anayejali nani anasema nini jikoni kwake. Yeye kalelewa kwa Kiswahili kitupu, na hadithi, na utani, na matusi ya kuchekesha ambayo mama mwenyewe akiulizwa kama anayajua atakataa.

Mie changu cha utotoni nimekihifadhi kwa wizi. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wa jiko shangazi zangu wakija, nasikiliza. Baadaye nikaagiza vitabu. Tangu niwe mtu mzima, kila siku namsemesha mama Kiswahili, na kila siku ananijibu Kiarabu. Ukoo mzima wanaona kichekesho. Mdogo wangu husema, "Anakuheshimu, dada. Sie wengine anatuona watoto." Heshima hiyo ningemwachia aichukue yote.

Basi binti yangu alipomaliza chuo Seattle, nikapata fikra. Baada ya mahafali nitampandisha mama meli ya watalii inayokwenda kaskazini, Alaska, wiki nzima, mie na yeye peke yetu. Baharini atakimbilia wapi? Atachoka na Kiarabu chake, atasema na mie. Mdogo wangu alipopata habari akaniuliza, kwa upole kabisa, nani atamvalisha mama soksi. Akakata tiketi na yeye. Wiki yangu ikawa ya watu watatu, na kila asubuhi kwenye chakula wao wakizungumza juu ya chupa ya achari ya embe aliyoificha mama kwenye mkoba, na mie naangalia barafu dirishani.

Tukateremka mji mmoja unaitwa Sitka. Mvua nyembamba, milima imejaa misonobari mpaka ukingo wa maji, na katikati ya mji kanisa la Kirusi lenye kuba. Wenyewe wa pale ni Watlingit. Walikuwepo kabla ya kila mtu, na nyumba zao zilikuwa juu ya kile kilima kinachotazama bandari. Warusi walipokuja kutafuta ngozi za wanyama wa baharini wakapigana nao, wakakichukua kilima, wakajenga ngome. Baadaye wakaiuza nchi nzima kwa Wamarekani, na bendera zikabadilishwa pale pale juu. Yote hayo yameandikwa kwenye kibao, na mizinga bado ipo. Nilimsomea mama kibao kizima kwa Kiswahili, mvua inaniingia shingoni. Akanishukuru kwa Kiarabu. Kisha akamgeukia mdogo wangu: "Yaani hawa wameuza, hawa wamenunua, na wenyewe nyumba wamesimama pembeni wanatazama?" Mdogo wangu akacheka, akaongeza na lake juu ya Wareno na ngome zao za Maskati, wakaenda wameshikana mikono. Kusoma nimesoma mie.

Mbele kidogo kuna bustani kubwa yenye nguzo ndefu za miti zilizochongwa kunguru, tai na samaki, nguzo za koo zao. Mdogo wangu akabaki nje apige picha. Mama magoti yalikuwa yanamsumbua, nikamwingiza kwenye jengo la mafundi lililo pale, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa mbele ya meza ya bibi mmoja wa Kitlingit, mkubwa kama mama au kumzidi. Alikuwa anashonea shanga kwenye viatu vya ngozi.

 Mama alitia mkono kwenye mkoba, akatoa kofia ambayo huwa anaishona popote alipo, akaiweka juu ya meza. Bibi yule akaiinua, akaitazama tundu kwa tundu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Mama akageuza kiatu cha bibi akatazama nyuma, upande wa mafundo, kama wafanyavyo wanaojua. Hawakunihitaji. Hata hapo roho iliniuma, maana mie kushona kofia sikufundishwa, nilipelekwa kwenye hisabati.

Kisha bibi akaweka sindano chini akajitambulisha kwa Kiingereza, kama desturi yao ilivyo. Yeye ni wa upande wa Kunguru, mmoja wa pande mbili za watu wao, wa ukoo fulani na nyumba fulani, yote hayo ya mamake, kwa sababu kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Ndipo akamtaja baba na watu wa baba. Alipomaliza akaniambia nimuulize mama: watu wa mamake ni akina nani?

Maskati swali la kwanza ni kabila, na kabila ni la baba. Mama hulijibu kwa pumzi moja, hata usingizini. Hili la pili hakuna aliyewahi kumuuliza, na mie mwanawe nikiwemo. Nikamfasiria kwa Kiswahili. Sikufikiri, ndicho kilichonitoka.

"Mwambie mamangu mtu wa Pemba," mama akasema. "Wa Wete. Mwambie wanawake wa kwao walikuwa wakishuka na vijiti maji yakitoka, kutafuta pweza."

Moyo ulinipiga. Si kwa pweza. Lile "mwambie" aliniambia mie, kwa Kiswahili, ananitazama. Miaka yote ile nimelingoja, na lilipokuja likawa la kumpelekea mwingine.

Nikampelekea. Bibi wa Sitka akafurahi, akasema pweza hata wao wanawala. Kisha akaeleza mambo yake. Alipokuwa mdogo alipelekwa skuli ya bweni, na huko ukikutwa unasema Kitlingit unatiwa sabuni mdomoni. Alipozaa mwenyewe hakumfundisha bintiye neno hata moja, asije akapata yaliyompata yeye. Sasa binti huyo, mtu mzima mwenye watoto, anakwenda darasani jioni kujifunza lugha ya mamake kwa mwalimu.

Nilimfasiria mama hayo polepole. Kidole chake gumba kikawa kinapapasa ukingo wa kofia. Alipoanza kusema alikuwa anamtazama bibi, si mie.

"Mwambie mie hakunikataza mtu. Nlimkataza mwanangu mwenyewe."

Nikasema kwa Kiingereza: nilimkataza mwanangu mwenyewe. Ndiyo kazi ya mkalimani, unasema "mimi" na si wewe. Bibi akauliza kwa nini.

"Watoto walimcheka skuli, kweli. Lakini si hilo. Yule wa kwanza mie nlimzaa tu, aliyemlea ni mamangu, pale kwetu Unguja. Yeye ndiye aliyemtia maneno mdomoni. Tukaja Maskati, mama nkamwacha kule, na huyu mtoto akifungua kinywa, mama huyo. Sauti ile ile, na kuvuta maneno kule kule kwa Kipemba. Asubuhi ananiomba chai, nataka kupiga ukelele. Halafu ikaja habari kwamba mama kafa, na mie sikumzika. Siku aliyorudi analia, nkaona sababu nimepata. Nkamwambia asiseme tena, nkamwambia ni kwa ajili ya skuli." Akaivuta kofia karibu. "Mdogo wake nilipomfundisha mie, alisema kama mie. Huyo hakuniumiza."

Nilifasiri mpaka neno la mwisho.  Bibi alinyoosha mkono akanielekezea mie, akauliza kama ni huyu. Mama hakungoja tafsiri, aliitikia kwa kichwa.

Mlango ukafunguliwa, mdogo wangu akaingia anachuruzika maji. Mama akamwambia kwa Kiswahili kalowa kama kuku wa sokoni, na wote wawili wakacheka. Mie akaniambia, kwa Kiarabu, yallah, meli itatuacha.

Njia nzima ya kurudi Maskati nilikuwa na hasira. Mdogo wangu nilishamzoea, lakini bibi wa Sitka? Tumekaa naye muda wa kumaliza kikombe cha chai, kapewa kile nilichokisubiri tangu utotoni, na mie nikatumwa kukibeba. Hata "samahani" hakuna. Ningeweza kumuuliza mama, kwani nilishindwa? Nilishindwa. Niliogopa atanijibu kwa Kiarabu.

Ijumaa zikaendelea vile vile. Nilikuwa napita barabara kubwa kutoka kwangu Al Khuwair najiambia leo nitasema, na nikifika nawakuta wameshaanza kucheka.

Ijumaa moja mdogo wangu alikwenda Nizwa kwa wakwe zake. Baada ya kula mama akajilaza ubavu, akanipa mgongo, mie nikamsugua magoti kwa mafuta ya habbasoda. Nikamuuliza kama dawa ya presha kameza. Kwa Kiswahili, kama siku zote.

 "Sema tena," mama akasema.

"Dawa, mama. Umemeza?"

"Nimemeza. Sema kitu chengine."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema tu, nisikie."

Nna maneno ya kumwambia mama ya miaka hamsini, na yote yakanikimbia. Nikamweleza mambo ya foleni ya magari ya Al Khuwair. Nikamweleza habari za paka aliyezaa kwenye baraza yangu, na jirani aliyepaka nyumba rangi mbaya. Nikainama kumchungulia: kafumba macho, na mdomoni limekuja tabasamu ambalo sijapata kuliona, wala kwangu wala kwa mdogo wangu. Mguu wake umelegea mkononi mwangu. Nikajua kwamba hanisikilizi mie. Yuko Wete, na mamake anasema.

Nikamwonea wivu bibi yangu, marehemu wa miaka yote hiyo. Niliponyamaza kuvuta pumzi mama akanyoosha mkono nyuma, akanishika mkono, akaniambia endelea. Nikarudi kwenye habari za paka, nikaanza upya.