Baba na Zoezi la Nyuki

Baba yangu ni fundi wa friji, na kwa ubishi hana mpinzani. Miaka thelathini ya moshi wa kuchomelea mabomba na gesi zinazovuja imemwachia kifua kinachopiga miluzi chenyewe. Nyumbani tuna ngazi sita tu. Akifika ya tatu anasimama na kujifanya anakagua rangi ya ukuta.

Daktari hakumung'unya maneno: kipimo cha kupuliza kisipopanda mwezi ujao, Baba aage karakana. Akamtuma kwa dada wa mazoezi, aliyemfundisha yoga. Akunje miguu mkekani, apinde mgongo kama paka, kisha azibe masikio kwa vidole gumba, avute hewa puani na kuitoa akivuma kama nyuki, mdomo umefungwa. Dakika kumi kila asubuhi.

"Mimi nikae chini nivume kama nyuki?" Baba alifoka njiani. "Wateja wakinikuta je?"

"Watakukuta hai," Mama alimjibu.

Mama ni fundi cherehani, nami ndiye mkata vitambaa wake. Kati yetu na karakana ya Baba kuna ukuta wa mbao nyembamba tu, kwa hiyo Mama alitoa sharti moja: "Sikuchungulii, baba watoto. Ila nataka nikusikie."

Na akamsikia. Kila siku saa mbili asubuhi mvumo ulianza ng'ambo ya mbao, mzito, umetulia. Mama alisimamisha cherehani asikilize vizuri. Aliwatambia wateja hadi wakachoka: mume wake amekuwa mtu mpya! Mimi nilimwonea Baba wivu, maana sijawahi kumaliza wiki na zoezi lolote.

Wiki ya tatu, shoga yake Mama alikuja kujaribu gauni. Akatega sikio, akakunja uso.

"Shoga, hivi mumeo anavuta hewa saa ngapi?"

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. Mvumo ulikwenda dakika nzima, ukaingia ya pili, bila kukatika hata mara moja.

Mama akaweka mkasi chini, akatoka. Nikamfuata mbio, sinema kama hiyo haikoswi. Baba alikuwa chali mkekani, kofia usoni, usingizi mtamu, na pembeni yake kompresa kuukuu ya friji imechomekwa kwenye umeme, inavuma. Fundi wa friji peke yake ndiye angeweza kusahau kwamba mtu hupumua.

Mama akachomoa waya. Ukimya ukamwamsha Baba.

"Nilikuwa napumzika kidogo tu..." alianza.

Nikaegemea mlango nisubiri moto uwake. Lakini Mama aliketi mkekani. "Haya. Sasa vuma wewe."

Baba akaziba masikio, akavuta hewa, akavuma. Sekunde nne. Sauti ikakatika, kikohozi kikamkunja mpaka machozi yakamtoka. Mimi niliyekuja kucheka niliingiwa na hofu, nikaangalia sakafu.

"Wiki tatu nzima," Mama alisema taratibu, "nimemshukuru Mungu kwa ajili ya mashine."

Baba, ambaye hajawahi kukosa jibu, aliziba masikio tena. Mama akaziba masikio yake mwenyewe, wakaanza kuvuma pamoja. Baba alifika sekunde ya tano, akaishiwa. Mama alikuwa bado anaendelea, macho ameyafumba.

Baba akamshika goti. "Nisubiri," alisema, akavuta hewa tena.