Shwari ya Haraka

Baba yangu hakuwahi kujifunza kusema "halo" kwenye simu. Alikuwa mwanajeshi, na hata baada ya ndugu yangu kumleta Houston akae naye, aliendelea kupiga simu kama mtu aliyeshika simu ya upepo: "Lewisville, hali? Ova." Nami huku Lewisville, karibu na Dallas, kwenye nyumba ya kupanga yenye zulia la rangi ya vumbi, nilijibu, "Shwari, baba." Yeye akasema, "Nimekupata," akakata. Mazungumzo yetu ya wiki nzima yalikuwa hayo.

Nilimwambia shwari mwaka ule mume wangu alipohamia Carrollton, mji wa jirani, na sufuria zangu na mwanamke mwingine. Nilimwambia shwari binti yangu alipokwenda chuo akaacha kupokea simu. Nilimwambia shwari nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, bado na sare ya unesi, nikilia mpaka vioo vikaingia ukungu. Wala si kwamba watu hawako. Wakenya wamejaa huku. Lakini ukienda kanisani unaulizwa, "Na baba watoto?" kwa ile sauti, na mimi nina ulimi mbaya, nikaona heri nikae zangu. Nilikuwa mpweke. Sina namna ya kulipamba hilo neno.

Baba aliwahi kuvaa kofia ya bluu, ya walinda amani. Alitumwa magharibi kabisa ya Sahara, kwenye ardhi ambayo Moroko inasema ni yake, na Wasahrawi wanaopigana nayo wanasema ni yao. Risasi zilikuwa zimesimamishwa, na kazi yake ilikuwa kuangalia zisianze tena. Kila jioni, kutoka mji mdogo uitwao Smara, alipeleka ripoti: shwari. Maisha hayakumpa mengi. Cheo alinyimwa, shamba likaliwa na jamaa, mama akafa mapema. Ila ile amani, alisema, "hiyo niliilinda mimi."

Kisha figo zikamchoka. Siku moja, akiwa kwenye mashine ya kusafishwa damu, akasikia kwenye runinga kwamba kule wameanza kupigana tena. Ndugu yangu akamwambia ni porojo za runinga. Mzee akanipigia mimi.

"Mwangalizi haripoti mambo ya runinga," akasema. "Anaripoti alichokiona kwa macho yake. Nenda ukaangalie. Ova."

Ndugu yangu alinipigia baadaye akifoka. "Umepagawa? Kuna vita, halafu uende peke yako, mwanamke? Na hata ukienda, umwambie shwari. Moyo wa mzee hauwezi. Akijua ile amani imevunjika, tutamzika."

Nikamwambia sawa, nitasema shwari. Hilo neno nalijua vizuri.

Mbona nilikwenda? Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa ameniomba kitu, ila wagonjwa wanaoomba maji. Nikachukua likizo, nikafunga mlango, na pale uwanja wa ndege wa Dallas, kila mtu akikumbatiwa, nikatambua sina wa kuniambia nikifika nimjulishe.

Jangwa lenyewe, jamani, si ule mchanga wa kwenye kalenda. Ni kokoto. Kokoto, nguzo za umeme, kokoto, kizuizi cha barabarani, kokoto. Kutoka Laayoune, mji mkubwa wa upande wa bahari, nilipanda teksi ya kubanana, na kila abiria alitaka kujua mume wangu yuko wapi. Walinionyesha kidole cha pete. Nikawaonyesha nyuma kwa mkono, anakuja. Mpaka leo bado yuko njiani.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya Smara nikateremshwa. Afisa alikuwa na Kifaransa na Kiarabu, na mimi sina hata kimoja. Nikajidanganya: Kiswahili si kimejaa Kiarabu? Nitaokoteza maneno, nitaponea hapo. "Safari," nikasema. Akakubali kwa kichwa. Nikapata nguvu. Nikajigonga kifua: "Baba. Askari. Smara."

Lo! Kwetu hata bawabu anayefungua geti ni askari. Kule askari ni mwanajeshi, na penye vita swali ni moja tu: wa upande gani? Uso wa yule afisa ukakunjamana. Teksi ikaambiwa iende zake, na begi langu likashushwa kwenye kokoto.

Nilikaa juu ya begi nikilitazama vumbi la ile teksi mpaka likaisha. Nikawaza, hawa wakinifungia hapa, kazini wataona tu sikuja, wataita nesi mwingine. Niliogopa, lakini zaidi niliona uchungu. Mtu mzima, miaka yote hii, na hakuna mahali ambapo pengo langu lingeonekana.

Kilichoniokoa ni picha kwenye simu: baba, kijana, kofia ya bluu kichwani, amesimama kwenye kokoto hizo hizo. Afisa akaitazama, akanitazama, akalegeza uso. "Baba," akasema kwa sauti nyingine kabisa. Akanipakia kwenye gari la mboga lililokuwa likipita.

Smara nilipanga chumba kwa mama mmoja wa makamo, aliyejifunga kitambaa kirefu kuanzia kichwani. Alasiri akanialika chai. Kule chai inamiminwa kutoka juu, glasi tatu, na huondoki kabla ya ya tatu. Tulikuwa kwenye ya pili niliposikia mshindo, mbali, upande wa mashariki, uliko ule ukuta mrefu wa mchanga unaowatenga wanaopigana. Dirisha likatetemeka. Halafu mshindo mwingine.

Nikamtazama mwenyeji wangu.

"La bas," akasema upesi. Neno hilo nilikuwa nimelizoea njiani, maana wanasalimiana nalo: hakuna ubaya. "La bas, la bas." Huku birika mkononi mwake likigonga glasi, ka ka ka, na chai ikimwagika kwenye sinia.

Mungu wangu, nilimjua yule mama. Nilimjua toka kwenye maegesho ya hospitali: alikuwa mimi. Nikampokea birika polepole nikamimina mimi, vibaya, akacheka huku anajifuta macho. Hatukuwa na lugha ya kuambiana kitu. Lakini glasi ya tatu tuliinywa bega kwa bega, na ulikuwa umepita muda mrefu sana sijanywa chai na mtu.

Niliporudi nilipumzika siku moja, nikashika barabara ya Houston. Njia nzima nilifanya mazoezi kwenye usukani. Shwari, baba. Kuko shwari kabisa. Nilisimama kujaza mafuta nikajikuta naiambia pampu.

Mzee alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, amevaa sweta kwenye joto la Houston, mkono wenye makovu ya sindano juu ya paja. Alikuwa amekonda. Ndugu yangu alisimama mlango wa jikoni akinikazia macho.

"Smara, hali? Ova."

"Shwari, baba."

Hakusema amenipata.

"Umejibu haraka," akasema.

"Baba?"

"Kule, kituo kikijibu shwari polepole, tulikuwa tunalala. Kikijibu haraka, tunatuma gari. Mtu ambaye kwake kuko salama hana haraka ya kusema."

Ndugu yangu akatikisa kichwa, usithubutu. Lakini nilikuwa nimetumwa, bwana, na aliyenituma si yeye. Nikamwambia mzee yote: mishindo, dirisha, birika lililogonga glasi. Nilimwambia polepole. Hakuanguka. Aligeuka akatazama uzio wa mbao.

"Huyo mama ana watoto?"

"Anao. Alinionyesha picha. Ni watu wazima."

"Basi walikulia kwenye zamu yangu," akasema. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Ndugu yangu akaingia ndani. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kumkunjulia mzee mikono ya sweta ili niwe na la kufanya. Akanishika kifundo cha mkono.

"Na Lewisville, hali? Ova."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka, lile neno liko tayari kwenye ulimi kama kawaida. Nikalimeza.

"Si shwari, baba," nikasema. "Si shwari kitambo."

"Nimekupata," akasema. "Natuma gari."

Gari hana, na leseni alishanyang'anywa. Lakini niliweka kichwa kwenye lile paja lililokonda nikalia kama mtu aliyesikia honi langoni kwake.