Kiti cha Mzee Himyar Kwenye Kuba la Bi Bayan

Kila Ijumaa baada ya sala, Mzee Himyar akishaingia na kiti chake cha plastiki kwenye kuba la marehemu mkewe, Ayubu fundi mwashi hugeuza uso. Si jua. Ni dhambi inayotafuta mlango wa kutokea.

Bi Bayan alikufa mumewe akiwa matibabuni India. Watu wakazika, mzee akarudi Kigombe na kalenda yenye picha ya lile kaburi la malkia wa Kimughali kule Agra. "Nataka nimjengee hili," akamwambia Ayubu, ambaye hadi siku hiyo alikuwa amejenga vyoo na nusu ya madrasa. Ayubu akasema hilo dogo.

Akajenga kweli. Kuba kama kitunguu, lango mbele, bustani iliyokatwa na mifereji miwili ikatoka vipande vinne, na mahali pa marumaru, vigae vya bafuni. Minara ya Agra, wanasema, imeinamishwa nje kidogo makusudi, siku ikianguka isiliangukie kuba. Ya Ayubu nayo iliinama, kwa makusudi ya Mungu. Lakini kulia kulifanana na kushoto kama mashavu ya mtu mmoja, na watu wakaja mpaka kutoka Muheza kupiga picha langoni.

Kasoro ilikuwa sanduku la juu ya kaburi. Agra kibla ni magharibi, na maiti hulazwa ubavu, uso kibla, kwa hiyo sanduku limelala kaskazini kusini, kufuata njia ya lango. Ayubu akanakili. Kigombe kibla ni kaskazini. Bi Bayan, ambaye Ayubu mwenyewe alimshusha mwanandani, kalala kichwa baharini, miguu shambani. Sanduku limempita kiunoni kama mkanda.

Aligundua saruji ikiwa mbichi. Angeligeuza, lakini sanduku lililokingama mbele ya lango lingeharibu picha, na sifa ndiyo kwanza zilianza kunoga. Watu wenyewe walilinganisha na kalenda, si na kibla. Akanyamaza.

Basi mzee huweka kiti upande wa baharini, penye upepo, akasoma Yasini akiamini yuko ubavuni pa mkewe. Kumbe kamkalia usoni.

Ijumaa hii alimwita. "Njoo unishike nikae, mwanangu. Magoti haya si yangu tena."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mposaji?"

"Kiti hicho... tukiweke huku, upande wa lango."

"Huko jua. Wewe una jambo."

Ayubu akaeleza, macho kwenye vigae. Alipofika kwenye uso, akaonyesha kwa kidole.

Mzee akakisukuma kiti, akashuka sakafuni, akaweka kiganja pale. "Niwie radhi, Bayan." Kisha, bila kugeuka: "Ulijua tangu lini?"

"Tangu saruji mbichi."

"Na kila Ijumaa ukaniamkia."

Ayubu akakiondoa kiti.

"Lete nyundo."

"Mzee, likigeuzwa halitaoana na lango. Watu watasema..."

"Watasema fundi hajui kazi. Waache waseme."

Sasa sanduku limekingama, na mzee husomea Yasini mkekani. Wapiga picha bado wanakuja. "Pazuri," husema, "ila fundi kapinda." Ayubu, aliyezoea kuzurura pale langoni kuokota sifa, bado huenda.

"Kweli," huwaitikia. "Kapinda."