Damu ya Mbuzi Kati ya Mayai

Mashine yangu ya kutotoleshea vifaranga nimeiunda mwenyewe, kwa video za kwenye simu. Joto lake linakaribia la mwili, na umeme ukikatika Shinyanga nzima, betri ya sola inaendelea. Ndiyo maana dada yangu, mashine ya maabara yao ilipoharibika, alinikimbilia mimi na vichupa vyake vya damu ya mbuzi.

Dada anatafuta jeni za RNA ya ribosomu: ziko kwenye kromosomu zipi za mbuzi, na sehemu gani. Kwanza chembe za damu zigawanyike kwenye joto, ndipo kromosomu zionekane. Na damu ilikuwa hiyohiyo tu, hakuna nyingine. Mwenye mbuzi kule Kolandoto alishasema basi, hatumtoboi tena mnyama wake. Hii ikifa, utafiti wa dada umekwama.

Nikavipanga vichupa katikati ya mayai, nikapeleka vifaranga Maganzo. Kurudi jioni, vichupa havimo! Viko sakafuni, kando ya mtungi. Shangazi, ambaye tunafanya naye hii kazi, anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi. Nani katoa vichupa?"

"Marahaba. Nimetoa uchafu."

"Uchafu? Shangazi!"

"Bhebhe! Wewe, usinipandishie sauti! Si wewe ulinifundisha kumulika mayai? Ukiona damu, yai limekufa, toa lisiozeshe wenzake. Nimeona damu, nimetoa."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo, nikarudi nikavirudisha kwenye joto, nikampigia dada palepale.

"Vimekaa nje muda gani?"

"Anasema tangu mchana."

Akahesabu saa. Halafu: "Viache humo."

Siku ya majibu nilikuwa naye maabara. Alipaka dawa ya silva, ile inayong'ang'ania penye jeni hizo zikiwa kazini na kupafanya peusi, akainamia hadubini. Mimi natoka, naingia, natoka.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

"Vipi, kuna kitu?"

"Chembe nyingi zimekufa."

"Basi naenda Kolandoto sasa hivi, namshika yule mzee miguu, akikataa nalala kwenye zizi lake mpaka..."

"Hebu nyamaza!" Akanivuta shingo mpaka kwenye lenzi. Vijiti, ndizo kromosomu zenyewe, vimetawanyika, na baadhi vina nukta nyeusi nchani kabisa.

"Ndizo?"

"Ndizo. Chache, ila za kuanzia ramani zinatosha. Sasa toa mkono mezani, unatikisa hadubini."