Mashine iliyopiga hodi: nimeitwa mwizi wa filamu, nataka mnisikilize

Wakuu, asalaam aleikum na habari za saa hizi.

Haya nayaandika nikiwa na hasira za kuchemsha sufuria la pilau la arusi. Ni kweli tupu. Chumvi nikiitia, naitia kwenye vitu vidogo tu kama joto na idadi ya watu.

Mimi mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, huku Pwani. Sekondari nimeimaliza kwa masomo ya jioni, na ndevu zangu kidevuni, dawati moja na baba wa watoto wanne. Kwa hivyo mkiona sentensi imenyooka, jueni nimeitolea jasho.

Kilichonifanya niandike hadithi si vitabu. Vitabu vilikuja baadaye.

Ni filamu za sayansi ya kubuni, zile kali ambazo mama alizikataza. Kuna moja ya mji ambao watu wanakodi sura, ukichelewa kurudisha unavuliwa uso sokoni mchana kweupe. Nyengine mwezi umegeuzwa jela, na wafungwa wanaitazama dunia ikiungua huku wakicheka.

Tulizitazama kwenye kibanda cha video cha Ami Badi. Chumba cha kutosha kitanda kimoja, ndani tumo watoto elfu tatu.

Filamu zilikuwa za Kiingereza na sisi hatukijui. Basi Ami Badi alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akapunguza sauti ya wenye filamu, akatutafsiria mwanzo hadi mwisho. Wa bara pia mnawajua watu hawa, kila mtaa ulikuwa na wake.

Iliyonishika kuliko zote ni ya mashine ya kuua.

Mji mzima umekufa, amebaki mama mmoja aliyejifungia ndani. Mashine inakuja, mkono mmoja ni bunduki. Inafika mlangoni, inagonga mara tatu. Ami Badi akashusha sauti: "Hodi. Hodi. Hodi."

Kimya.

Akatuambia mashine ile ilitengenezwa na mtu mwenye adabu zake, na mwenye adabu akipiga hodi tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Ikageuka, ikaenda zake. Mwisho wa filamu.

Wakuu, sikulala mwezi mzima. Sisi tumefunzwa hivyo tangu tukitambaa: hodi ya tatu ukinyamaziwa, rudi, usichungulie wala usinune. Lakini sikujua adabu yaweza kuingia kwenye chuma.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka, hakijafungika mpaka leo.

Nikaja kuandika hadithi. Mji wa Kale, miaka mingi ijayo, mashine zimetumwa kuwatoa watu majumbani. Zinapiga hodi tatu. Mtaa mzima unanyamaza, hata watoto wachanga. Mashine hazina budi kurudi.

Kuna kikundi cha waandishi hukutana Ganjoni na hutoa kitabu cha hadithi. Nikaipeleka. Ingekuwa mara ya kwanza jina langu kuchapwa pahali pasipokuwa kadi ya arusi.

Mhariri wao, Mwalimu Onesmo, ni msomi hasa, akikohoa anakohoa kwa aya. Alinisimamisha mbele ya kikundi chote.

"Ndugu yangu, filamu hii nimeiona," alisema. "Mashine, mlango, kugonga mara tatu. Huu ni wizi."

Kisha akanishauri kwamba mtu wa Mji wa Kale angeandika arusi na milango ya nakshi, roboti awaachie wenyewe.

Wenyewe ni kina nani? Kwani mtoto wa Kibokoni amegawiwa jana peke yake, kesho ina watu wake?

Nikarudi nyumbani, nikaitafuta filamu mtandaoni, nikaitazama. Sasa Kiingereza nakijua.

Mashine inafika mlangoni. Inagonga mara tatu. Wapi hodi! Inataka kuuvunja. Mlango ukiishinda, inaenda kuleta kombora, inarudi, inalipua nyumba na mama na kila kitu. Baada ya hapo ni milipuko tu mpaka majina ya wacheza filamu.

Hakuna hodi. Hakuna adabu. Nimeirudia mara hamsini.

Nikamfuata Ami Badi sokoni Marikiti, siku hizi anatangaza bei za matunda kwa kipaza sauti, na sauti ni ile ile. Akilitaja nanasi, unaliogopa. Nikamuuliza kwa nini alitudanganya.

Hakutahayari hata chembe.

"CD ilikuwa na mikwaruzo, mwanangu, ikakwama pale mashine ilipogeuka," aliniambia. "Na Kiingereza sikijui mpaka hivi leo. Wataka niwaambie nini watoto wa watu? Nikaimaliza nilivyoona yafaa."

"Na ule mji wa kukodi sura?"

"Ule nimeutunga wote. Ilikuwa filamu ya daktari wa meno."

Nikarudi Ganjoni na filamu mkononi. Mwalimu Onesmo akaitazama na, haki yake nimpe, akakubali hodi haimo. Hadithi ikapita.

Lakini mwanzoni nilikuwa nimeweka mstari mmoja: kwamba hodi ya mashine ni utunzi wa Ami Badi wa Kibokoni. Akaukata.

"Yule ni mpiga domo wa kibanda cha video, hakuandika kitu," alisema. "Sema ni mila za Pwani, yatosha."

Oneni mambo hayo! Nilipodhaniwa nimemwibia mtu wa ng'ambo, niliitwa mwizi hadharani. Nilipotaka kukiri cha Ami Badi, naambiwa chukua tu, hakina mwenyewe.

Nikaitoa hadithi yangu. Kitabu kimetoka bila mimi, kimejaa milango ya nakshi.

Nilipomweleza Ami Badi alinicheka mpaka wateja wakageuka. "Una wazimu wewe. Ungeacha wakuchape, mimi hadithi ninazo nyengine."

Akapanga maembe kidogo. Halafu akauliza, bila kipaza sauti, "Jina wangeliandika vipi? Badi tupu, au Ami Badi?"

Funzo nililopata, wakuu: nusu ya filamu zilizotulea hazikutengenezwa huko tunakodhani. Zilitengenezwa kando ya televisheni, na mtu asiyejua Kiingereza.

Karibuni mnipinge. Ila kabla ya kunitukana, andika kwanza jina la aliyekutafsiria wewe, na mtaa wake.

Naanza mimi: Ami Badi, Kibokoni.